Dereva na Gari Lake: Breki Mpya Zinapolia



Barua ya juma hili yatoka Nyamianda, mtaa wa Uvira. Aliyeiandika ni baba wa watoto watano, dereva wa taksi-basi aina ya Toyota HiAce kati ya Uvira na Bukavu. Gari si lake. Kila jioni hana budi kumpelekea mwenye gari fedha walizopatana, na kinachobaki ndicho kinachonunua unga na samaki nyumbani kwake. Mwezi uliopita mwenye gari alinunua pedi mpya za breki, zile ambazo mafundi waliozoea Kifaransa huziita plakete. Hakununua za kawaida. Alinunua za bei kubwa, zilizopakwa rangi nyekundu, kwa kuwa muuzaji alimhakikishia kwamba ni za magari ya mashindano. Zilifungwa asubuhi, na saa nne gari lilikuwa limekwisha kujaa abiria na kushika njia ya milimani.

Tangu siku ile breki zalia. Zalia sokoni, zalia penye kizuizi, zalia mbele ya shule hata watoto huziba masikio, na mama mmoja aliomba ateremshwe kabla ya kufika mitelemkoni. Mwenye gari asema dereva ameziharibu. Dereva asema pedi ni za bandia. Fundi asema si neno, zitiwe mafuta kidogo zitanyamaza. Msomaji wetu auliza: Je, kati yetu watatu, ni nani mwenye haki?

Twaanza na fundi, maana shauri lake ni la hatari kuliko maneno yote ya wale wawili. Breki husimamisha gari kwa msuguano. Pedi mbili hubana diski ya chuma izungukayo pamoja na gurudumu, upande huu na upande huu, kama mtu abanavyo kitu kwa gumba na kidole. Kazi ya mafuta ni kuondoa msuguano. Basi atiaye mafuta juu ya pedi ameondoa kelele kweli, na pamoja na kelele ameiondoa breki. Tena pedi ina vitundu vidogo visivyoonekana, hunywa mafuta kama mkate unywavyo chai. Wako mafundi waziogeshao kwa petroli au kuzichoma moto ili mafuta yatoke. Ni kazi bure, kwani zikipata joto njiani, mafuta yaliyojificha ndani hutokeza tena juu. Pedi iliyokunywa mafuta hutupwa, nayo hutupwa pamoja na zile za gurudumu la pili la mbele, hata kama zilinunuliwa jana, kwa sababu gari lenye breki nzima upande mmoja na breki mbovu upande wa pili huvutwa kando pindi dereva akanyagapo.

Haya, tumwache fundi, tulitazame jambo lenyewe. Gari linaloshuka mlima lina nguvu nyingi, na nguvu hiyo haipotei hivi hivi. Breki huigeuza kuwa joto. Uso wa ziwa Kivu uko karibu meta 1,460 juu ya bahari, na uso wa ziwa Tanganyika karibu meta 770. Kwa hiyo atokaye Bukavu kuja Uvira, apite Nyangezi na mitelemko ya Ngomo, au apite upande wa Rwanda hadi Bugarama, ashuka karibu meta 700, licha ya vilima anavyopanda na kushuka njiani. Ni mshuko uleule unaoyapa maji ya mto Ruzizi nguvu ya kuzungusha mitambo ya umeme, ile ya Ruzizi ya kwanza tangu mwisho wa miaka ya 1950, na ile ya Ruzizi ya pili tangu 1989. Tufanye hesabu ya gari lenye uzito wa tani 3 pamoja na abiria na mizigo yao. Likishuka meta 700 kwa breki peke yake, joto litakalotokea latosha kuchemsha lita karibu 8 za maji ya baridi na kuyaacha motoni hata sufuria ikauke kabisa. Joto hilo lote lapita katika vipande vichache ambavyo kila kimoja chaenea katika kiganja cha mtu. Kweli, injini na upepo husaidia, na dereva mwenye akili hutia gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, si katikati ya mtelemko wakati gari limekwisha kumshinda. Hata hivyo sehemu kubwa ya kazi yabaki kwa breki.

Sasa, pedi ni kitu gani? Ni bamba la chuma lililogandishwa juu yake mchanganyiko wa vitu vingi: nyuzi, unga wa chuma au wa shaba, grafiti na vinginevyo, vyote vimeshikwa kwa gundi ya kiwandani na kukandamizwa kwa joto. Gundi ya pedi mpya, hasa ile ya juu, haijaonja bado moto wa kazi. Ikiupata ghafula hutoa gesi, na gesi hiyo, ikikosa pa kutokea, hukaa kati ya pedi na diski kama mto mwembamba wa hewa. Dereva akanyaga, kanyagio li gumu chini ya mguu wake, na gari laendelea kwenda. Jambo hili huwapata watu wenye pedi mpya kabisa, njema kabisa, zilizotoka katika sanduku siku ileile; nao kwa hofu husema wameuziwa za bandia.

Liko neno la pili. Diski iliyokwisha kufanya kazi ina mifereji midogo kama shamba lililolimwa, nayo pedi mpya ni bapa. Siku ya kwanza hugusana penye vilele vya mifereji tu, na vilele hivyo hupata joto la kupita kiasi. Na liko la tatu, ambalo wengi hawalijui hata kama wameshika usukani miaka 20: breki iliyo tayari haisugui chuma kitupu. Pedi iliyozoezwa huacha juu ya diski utando mwembamba sana wa unga wake yenyewe, na kuanzia hapo pedi hushikana na kitu cha jamaa yake. Utando ukienea sawasawa, breki hushika vema na kunyamaza. Ukikaa kwa mabaka, hapa mzito na pale mwembamba, usukani hutetemeka na breki hupiga kelele. Watu husema diski imepinda, wakainunua nyingine kwa fedha nyingi. Mara nyingi haikupinda hata kidogo, ina mabaka.

Mke wa dereva ayajua mambo haya kuliko mume wake. Akinunua chungu kipya cha udongo hakitii maharagwe siku ya kwanza na kukiteleka juu ya moto mkali. Hukipasha kwa moto mdogo, hukipikia uji mwepesi, hukiacha kipoe, ndipo hukitumainia. Akifanya haraka chungu hupasuka na chakula humwagika majivuni. Ndugu yetu wa Nyamianda alipewa chungu kipya na kuambiwa apikie watu 18 mara moja.

Kwa hiyo huenda pedi si za bandia, wala dereva hakuziharibu kwa uzembe. Kilichokosekana ni saa moja ya kuzizoeza, nayo ndiyo twataka kuieleza sasa.

Baada ya fundi kufunga pedi, kabla ya gari kusogea hata hatua moja, dereva akanyage breki mara nyingi, mpaka kanyagio liwe gumu. Wakati wa kufunga, fundi huzisukuma nyuma pistoni ili pedi nene ziingie. Mkanyago wa kwanza huzirudisha tu, haushiki kitu. Magari yamepita kuta za gereji na kuingia mfereji wa maji kwa kusahau neno hili dogo. Kama diski nazo ni mpya, zioshwe kwanza kwa maji ya moto na sabuni, zikaushwe kwa kitambaa safi, maana hupakwa mafuta kiwandani zisipate kutu.

Dereva wa Uvira ana bahati ambayo mwenzake wa Bukavu hana, yaani uwanda wa Ruzizi. Atoke alfajiri kwa njia ya Kavimvira, bila abiria wala mizigo, aelekee Kiliba, atafute mahali palipo wazi na pasipo mashimo, kabla ng'ombe na baiskeli za wachuuzi hazijajaa njiani. Aende mwendo wa kilometa 50 kwa saa. Akanyage breki kwa nguvu ya kadiri, kama mtu anayekaribia kizuizi alichokiona tangu mbali, hata mwendo upungue kufika kilometa 10. Asisimame kabisa. Aachilie, aongeze mwendo polepole, aende nusu dakika bila kugusa breki ili zipate upepo, kisha arudie. Afanye hivyo mara 20, hata 30. Harufu kidogo ya kuungua isimtishe; ndiyo gundi ile yaondoka. Lakini akiona breki zaanza kulegea, aache kukanyaga na aende taratibu mpaka zipoe.

Pedi za kazi nzito na zile za mashindano zataka zaidi. Baada ya zile mara 20 au 30, zipewe mara 5 au 6 za nguvu, kutoka kilometa 80 hadi 20, bila kufunga magurudumu. Barabara isiporuhusu mwendo huo, dereva asijaribu. Afadhali pedi zisizoiva kuliko mtoto aliyegongwa. Na kama sanduku lina karatasi ya maagizo ya kiwanda yenye hesabu nyingine, ifuatwe karatasi.

Baadaye huja sehemu ambayo watu wengi huiharibu, nayo ni kupoza. Dereva aende dakika 10 hivi bila kutumia breki ila kwa lazima. Asisimame na kuendelea kukanyaga kwa nguvu, wala asivute breki ya mkono, kwani pedi yenye moto ikibanwa mahali pamoja juu ya diski huacha alama yake pale kama muhuri, na hayo ndiyo mabaka tuliyoyasema. Zaidi ya yote asiende moja kwa moja ziwani wala mtoni kuosha gari. Maji baridi juu ya diski yenye moto huweza kuipasua. Zikipoa kabisa, atazame diski: yafaa iwe na rangi ya kijivu iliyo moja pande zote. Kwa kilometa 300 za kwanza aziendee kwa upole, asikanyage kwa ghafula pasipo lazima.

Kwa yule aliyefungiwa pedi Bukavu mambo ni magumu, maana barabara humjaribu kabla hajaziandaa. Atafute kwanza mahali pa kuzizoeza mjini asubuhi na mapema, na siku hiyo ashuke Ngomo na gari jepesi na gia ndogo. Au fundi afanye kazi Uvira, gari lipite uwanda wote kwenda juu, na mtelemko wa kwanza uwe ni wa safari ya kurudi.

Wengine watasema: Saa hiyo, nani ailipe? Hapa twataka kusema waziwazi. Dereva aliyepewa hesabu ya fedha za jioni hawezi kutoa saa nzima na petroli ya kwenda Kiliba na kurudi kutoka mfukoni mwake. Akifanya hivyo, wanawe watalala na njaa, na asipofanya, abiria hupanda gari lisilo tayari. Saa hiyo ni ya mwenye gari. Aihesabu pamoja na bei ya pedi na ujira wa fundi, apunguze fedha za siku hiyo, wala asimwambie dereva kwamba atazizoeza njiani pamoja na abiria. Aliyetoa fedha nyingi kwa ajili ya pedi nyekundu asingeshindwa kutoa lita chache za petroli. Na yule mama aliyeomba kuteremka hakutukana mtu. Alisikia jambo lisilomridhisha akaokoa nafsi yake, na ilipasa arudishiwe nauli ya njia iliyobaki.

Tuje sasa kwenye kelele. Kelele za breki si jambo la leo. Mwingereza Frederick Lanchester alipata hati ya breki ya diski mwaka 1902. Pedi zake zilikuwa za shaba, nazo zilipiga kelele ya kutisha watu njia nzima. Dawa ililetwa mwaka 1907 na Mwingereza mwenzake, Herbert Frood. Huyu alikuwa ameanza kutafuta kitu kifaacho kwa breki mwaka 1897, baada ya kuona wenye magari ya farasi wakitumia viatu vikuukuu kama breki za magurudumu yao waliposhuka milima. Jina la kampuni yake, Ferodo, ni herufi za jina lake zilizogeuzwa, zikaongezwa herufi moja ya jina la mkewe Elizabeth. Frood aliweka asbesto mahali pa shaba, breki zikanyamaza, na kwa miaka mingi dunia nzima ilitumia dawa hiyo.

Bahati mbaya asbesto ilikuwa na deni lake. Vumbi lake likiingia mapafuni hukaa humo, na baada ya miaka mingi huleta saratani. Ufaransa iliipiga marufuku mwaka 1997, na nchi zote za Umoja wa Ulaya ziliifunga mwaka 2005. Lakini pedi za bei rahisi zisizo na jina la kiwanda hufika kwetu kutoka pande zote, na kwa macho huwezi kujua zina nini. Basi wazazi wenye vijana wanaojifunza kazi gereji wawaonye: vumbi la breki lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu ya upepo. Lipanguswe kwa kitambaa kilicholowa maji, na kitambaa kitupwe.

Kelele yenyewe ni mtetemo. Pitisha kidole kilicholoana juu ya mdomo wa bilauri, utasikia bilauri yaimba: kidole hushika, hutelezea, hushika tena, mara nyingi sana kwa nukta moja. Pedi hufanya vivyo hivyo juu ya diski, mara elfu na zaidi kwa nukta. Kwa hiyo kutibu kelele ni kuuzuia mtetemo. Lakini kabla ya kuitibu sharti kujua ni kelele gani, kwani iko moja ambayo haitibiwi, hutiiwa.

Ile ya asubuhi, baada ya mvua ya usiku au ya kuosha gari, ikomayo baada ya kukanyaga mara tatu nne, si kitu. Ni kutu nyembamba yaondolewa. Ile ya kukwaruza baada ya kuvuka matope na mchanga ni punje zilizokwama kati ya pedi na diski. Wenyeji wa Uvira hawahitaji kufundishwa juu ya mchanga. Gharika ya mto Mulongwe ya Aprili 2020 iliufikisha hata ndani ya nyumba. Gurudumu lifunguliwe, paoshwe, diski itazamwe kama imechimbika. Bali ile kelele nyembamba, kali, isiyokoma siku baada ya siku, katika pedi za zamani, huenda ni sauti ya kijibamba cha chuma kilichowekwa kiwandani kwa makusudi. Pedi ikibaki na unene wa milimeta 2 au 3, kijibamba hicho hugusa diski na kulia, kumwambia dereva: Nimekwisha, ninunulie mrithi. Tumesikia mafundi wanaokikunja kwa koleo ili kinyamaze. Kitendo hicho ni sawa na kumziba mlinzi mdomo usiku aonapo wezi. Ikifuata sauti ya chuma juu ya chuma, basi hakuna pedi tena, na gari lisiende popote.

Kelele ya pedi mpya hutibiwa hivi. Pedi zitolewe. Kibanio kishikacho pedi husogea juu ya pini mbili. Pini hizo zikikauka au kushika kutu, pedi moja hukaza na nyingine hulegea, ndipo kelele huanza. Zisafishwe na kupakwa grisi ya silikoni istahimiliyo joto, si grisi ya kawaida ya magurudumu, kwani hiyo huvimbisha mipira yake. Hapo ndipo grisi ina kazi: katika pini, kidogo sana penye masikio ya pedi yanapokalia chuma, na nyuma ya pedi. Vile vibamba vyembamba vya nyuma ya pedi, ambavyo watu wengi huvitupa wakidhani ni karatasi ya kufungia, virudishwe, maana vimewekwa kumeza mtetemo. Visipringi navyo virudishwe, na vilivyolegea vibadilishwe. Kingo kali za pedi zichongwe mshazari kidogo kwa tupa. Mwisho, diski ipimwe: unene wake wa mwisho umeandikwa kiwandani juu ya chuma chenyewe, na ikiwa nyembamba kuliko hapo, hakuna ufundi utakaoifaa.

Msomaji wetu wa Nyamianda afanye hayo yote, na zaidi ya hayo azitazame nyuso za pedi zake. Akiona zinang'aa kama kioo, zimeungua juu kwa safari ile ya kwanza. Azisugue kwa msasa juu ya ubao ulionyooka, kwa maji, hata mng'ao utoke. Asugue na diski kidogo. Kisha azizoeze upya kama tulivyoeleza. Zikiwa na nyufa, au kingo zamomonyoka, au zimegeuka nyeupe kwa kuungua, asijisumbue.

Na zikiendelea kulia baada ya hayo yote, ijapokuwa zashika vema? Basi ajue kwamba pedi za mashindano hasa zina tabia hiyo. Zimetengenezwa kwa mtu anayekimbia na kukanyaga, kukimbia na kukanyaga, wala hapozi. Tangu motokaa ya Jaguar yenye breki za diski iliposhinda mashindano ya Le Mans huko Ufaransa mwaka 1953, viwanda vimeshindana kutengeneza pedi zistahimilizo moto mwingi, na nyingi za namna hiyo hazishiki vizuri zikiwa baridi, hupiga kelele, hula diski upesi. Taksi-basi husimama kila meta 200 kuchukua mtu mwenye kikapu. Breki zake ni baridi nusu ya siku, na moto nusu nyingine. Kwa kazi hiyo twapendelea pedi za kawaida za kiwanda kijulikanacho, zilizotengenezwa kwa ajili ya gari la mizigo la aina ileile. Bei yake ni ndogo, na kijana wa mlangoni hatalazimika kuwaeleza abiria kila siku kwamba gari si bovu.

Wenye pikipiki nao wameuliza. Pikipiki yenye diski mbele hufuata njia ileile, ila kwa mwendo wa kilometa 40 hadi 10, breki ya mbele na ya nyuma kila moja kwa zamu yake, bila mtu nyuma. Breki ya ngoma, iliyo gurudumu la nyuma la pikipiki nyingi, hulia zaidi kwa vumbi lililojaa ndani yake. Ngoma ifunguliwe, ipanguswe kwa kitambaa chenye maji, viatu vyake visuguliwe kwa msasa, na ekseli ndogo inayovitanua ipakwe grisi chembe tu, isije ikatiririka.

Limebaki neno moja kwa wote wanaoshuka Ngomo. Breki zikichoka katika mtelemko, mguu wa dereva hujua sababu. Kanyagio likiwa gumu na gari halisimami, pedi zimepita joto lao. Dereva atie gia ndogo zaidi, asimame mara apatapo mahali, aziache zipoe zenyewe. Kanyagio likilegea na kuzama chini kama mguu unaoingia tope, si pedi, ni mafuta ya breki yanayochemka bombani. Akanyage haraka haraka mara nyingi, asaidie na gia na breki ya mkono polepole. Mafuta hayo hunywa unyevu wa hewa mwaka hata mwaka. Yale yenye alama DOT 4 huanza kuchemka kwa nyuzi 230 au zaidi yakiwa mapya, lakini yakiisha kunywa maji huweza kuchemka kwa nyuzi 155. Yabadilishwe kila miaka miwili, siku ileile gurudumu lifunguliwapo kwa ajili ya pedi, maana ujira wa fundi huwa umekwisha kulipwa.